Bawabu wa Hoteli ya Tausi

Hoteli kubwa ya mjini ilikuwa ya Tausi, ghorofa tano za mbao tupu, na mlango wake ulikuwa wa Kobe. Tangu enzi za Simba na Tembo kugombea vyumba vya mbele, Kobe alikuwa akiinamia kila anayeingia, na sasa shingo ilimuuma.

Tausi hakutaka wageni waone mtumishi akitoka jasho. Aliwafukuza Punda na Bata, akaajiri Mchwa, waliokaa ndani ya kuta na kufanya usafi pasipo kuonekana.

Siku moja Kobe aligonga ukuta, ukalia kama debe tupu.

"Bwana mkubwa, hawa wanakula nini?"

"Huo ndio uzuri wao," Tausi akajibu. "Mwaka wa tatu huu, hawajaniomba hata punje!"

Kobe alikwishachoka kubishana. Akarudi mlangoni.

Siku ya sherehe, Tembo alicheza hatua moja tu, hoteli nzima ikashuka kama unga. Tausi akatoka vumbini, mkia umenyonyoka.

"Kobe, ndugu yangu, nitalala wapi?"

Miaka yote ile hakuwahi kumwita ndugu.

"Kwangu kuna chumba kimoja tu, bwana," Kobe akasema, akaingiza kichwa ndani.