Jina Mgongoni mwa Kobe

Tangu asubuhi hakuna aliyeomba faili hata moja. Bi Sikudhani, karani wa masjala, alikuwa amepanga mihuri kwa ukubwa, akaivuruga, akaipanga tena. Mwishowe akamwinua kobe wa masjala kutoka chini ya meza ili amfute vumbi.

Kobe alikuwa maarufu sasa. Watu waliokuwa wakipiga filamu ya enzi za masultani walimwazima wiki nzima, atembeetembee kwenye ua wa sultani wa kuigiza, na juzi wakamrudisha.

Mgongoni alikuwa na majina kwa rangi nyekundu. Ndio ulikuwa utaratibu wa ofisi ile: karani akifariki, anayerithi meza yake huandika jina la marehemu kwenye gamba la kobe. Siku zote yalikuwa majina matatu. Leo yalikuwa manne.

La nne lilikuwa lake mwenyewe: Sikudhani.

“Hawa watu wa filamu wana mzaha mbaya,” alisema peke yake, akijaribu kucheka. Akaligusa. Rangi ikamganda kidoleni, bado mbichi.

Mlango ukafunguka. Aliingia Faki, tarishi aliyeiomba meza ile miaka kumi na minane akinyimwa. Alikuwa ameshika kikombe cha chai, naye hakuwahi kumletea chai hata siku moja.

“Kunywa ingali moto, Bi Sikudhani.”

Alipokiweka mezani, kidole gumba chake kilikuwa chekundu.

Kobe alinyoosha shingo kukielekea kikombe, akatulia kidogo, kisha taratibu akaurudisha uso wake ndani ya gamba.