Kikohozi cha Zamda

Siku chache baada ya redio kutangaza kwamba ugonjwa umeingia mjini, Zamda alikuwa sokoni akikaanga vitumbua kama kawaida. Akapaliwa na moshi wa kuni, akakohoa.

Wateja wakarudi nyuma. Shekue, aliyekuwa akila kwake tangu ujana wao, akatema kitumbua alichokuwa akitafuna. Kikamwangukia Zamda mguuni, kimelowa mate.

"Ni moshi tu, kaka," Zamda akasema.

"Nenda kakohoe kwako," Shekue akajibu, amejiziba pua kwa shati.

Mtu mwingine akalipiga teke beseni, vitumbua vyote vikamwagika mtaroni. Watu wakasongamana kutazama, bega kwa bega, wakipumuliana visogoni huku wakionyana wasimkaribie.

Zamda aliyatazama yale mate yakichuruzika kati ya vidole vya mguu wake. Akajifuta kwa kipande cha gazeti, akakitupa motoni. Kisha akaketi, akachota upawa wa unga uliobaki, akaumimina kwenye kikaango.

Kitumbua kikaanza kuumuka. Harufu yake ikawafikia. Hakuna aliyesogea karibu, wala hakuna aliyeondoka.