Kiti cha Mgeni

Ndege za abiria siku hizi zinajiendesha zenyewe, lakini rubani Zamda Mkwizu bado hubisha hodi mlangoni pa chumba cha rubani. Yeye hurusha ndege za mizigo, na rubani akipewa lifti na kampuni nyingine, adabu ni kumwomba kapteni kiti cha mgeni, hata kama kapteni ni sauti tu.

Safari hii walikuwa wakienda Mwanza. Mumewe na mtoto walikaa nyuma.

“Hodi, Kapteni. Nimekuletea kashata.”

“Karibu, mwenzangu. Ziweke hapo. Familia imekaa vizuri?”

“Imekaa.”

Adabu ya pili ni kwamba mgeni hasemi lolote kuhusu safari mpaka aulizwe. Miaka yote hiyo, hakuna sauti iliyowahi kumuuliza.

Walipofika juu ya ziwa, sauti hii ikamuuliza.

“Mwenzangu, mbele unaona nini?”

“Wingu zito, kulia.”

Ndege ikapinda kushoto taratibu. “Asante. Mimi nilikuwa sioni kitu.”

Simu ikaleta ujumbe wa mumewe: mtoto amelala, njoo tule. Zamda akamjibu ale tu. Akakaza mkanda, akatazama mbele, na bila kuulizwa akaanza kutaja kila alichokiona.