Nani Amekuelekeza Kwetu?

Katibu muhtasi alikuwa amepitia fomu za wateja wote wa mwaka, akajumlisha majibu ya swali ambalo bosi wake, wakili, hakuwahi kulisoma: nani amekuelekeza kwetu?

“Tangazo la redioni limeleta wawili,” alisema. “Ile karamu uliyowaandalia wakurugenzi, haikuleta hata mmoja.”

Simu ya wakili ilitetemeka, ikajikokota mezani kama mende aliyepigwa kandambili. Mama mkwe, mara ya tatu.

“Akikupigia, niko mahakamani. Anataka kuja kukaa kwangu mwezi mzima. Haya, waliobaki?”

“Arobaini na mmoja. Wote wameletwa na mtu mmoja.” Katibu aliitazama simu. “Huyo anayepiga.”

Wakili alisimama, akafunga vifungo vya koti, akaishika simu kwa mikono miwili.

“Shikamoo, mama. Mwezi mmoja tu? Kwani unakuja kuomba moto?”