Mti wa Nne na wa Tano

Mtafiti aliinama juu ya shimo, asielewe anachokiona. Mti wa nne, uliokuwa kivulini mwa ukuta, ulikuwa na majani mapana na laini. Wa tano, juani, majani membamba na magumu. Ripoti yake, iliyotakiwa saa nane, ilisema ni aina mbili tofauti.

Lakini mzizi mmoja mnene uliunganisha mashina yote mawili. Pale jembe lilipouchubua, ulitoa utomvu mweupe.

"Dada, huu si mti mmoja?" mtunza bustani alicheka. "Umeupa namba mbili!"

"Haiwezekani. Majani hayafanani hata kidogo."

"Hata wewe ungeshinda juani, usingebaki hivyo." Akashika jembe. "Haya, nifukie?"

Mtafiti alitazama saa.

"Nani mwingine ameuona?"