Stika ya Profesa Mbaruku

Mlinzi wa geti la chuo hakunyanyua kizuizi.

"Shikamoo, mama. Stika hii ya gari ni ya Profesa. Mtu mwingine haingii nayo."

"Marahaba. Sefu, mume wangu si mlimzika wenyewe?"

"Nilibeba jeneza, mama. Mungu amlaze pema. Lakini stika haihamishwi."

Bi Zamda alishusha pumzi. Chuo kilimpa mpaka saa sita mchana awe ameondoa vitabu vya marehemu ofisini, maboksi kumi na manane, na goti lake halikubali kubeba hata moja.

"Haya, nipe kibali cha mgeni."

"Kinatolewa ndani, utawala. Unakwenda na gari, wanalikagua."

"Na gari haliingii."

"Bila kibali haliingii, mama. Na hiyo stika inabidi irudishwe."

Nyuma yake honi zilipigwa. Bi Zamda alichomoa ufunguo, akashuka, akaanza kuikwangua stika kiooni kwa nguvu zake zote. Nembo ikatoka. Namba ikatoka. Jina likagoma.

"Mama, basi," alisema Sefu, mkono wake ukiwa tayari kwenye kamba ya kizuizi.

Bi Zamda aliendelea kukwangua.