Mlango wa Kibwana

Mji huu hakuna anayenishinda kusimulia, walionishinda wameshakufa.

Basi, Kibwana aliacha kazi katika kampuni kubwa ya michezo ya simu, ile ya bunduki na milipuko, akajifungia nyumbani kutengeneza mchezo wake mwenyewe. Ndani yake bibi kizee anampelekea jirani mgonjwa bakuli la uji. Mlango wa jirani haufunguki mpaka mchezaji abishe hodi, kisha angoje kuitikiwa. Hakuna aliyengoja. Wote waliupiga mlango mateke, wakaufuta mchezo.

"Kwani hawa kwao hawabishi hodi?" Kibwana aliuliza ukuta.

Kampuni ikamwita arudi.

"Akimaliza mtu mmoja tu, sirudi," alimwambia mkewe, Mashavu, akimpa simu.

Alasiri Mashavu akatoka chumbani na tabasamu pana.

"Nimemaliza, Baba Subira! Mtamu huo!"

"Wallahi? Jirani alisemaje?"

"Maskini, alishukuru! Akanywa uji wote, akalamba na bakuli."

Kibwana akaipokea simu kwa mikono miwili. Bibi alikuwa bado nje ya mlango uliofungwa, kashika bakuli lake, mguu mmoja juu.